Rungwe na Njia ya Kuifikia Pampu ya Moyo

Mwishoni mwa karne ya 19, tabibu wa jeshi la Kijerumani, Friedrich Fülleborn, aliishi Langenburg, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Aliwapima wenyeji wa kaskazini ya ziwa vichwa, vimo na viungo, na vipimo hivyo vikachapishwa Ujerumani mwaka 1902. Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, kwa upande wao walikuwa na desturi ya kutazama ndani zaidi. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938, walielezwa kwamba uchawi ni chatu anayekaa tumboni mwa mtu, na kwamba maiti ikipasuliwa chatu huyo huonekana. Jibu lilikuwa la kiimani, lakini swali lenyewe lilikuwa la kitabibu kabisa: kuna nini ndani ya mwili huu kilichomwondoa mwenzetu? Naanzia hapo kwa sababu husemwa mara nyingi kwamba mtoto wa kijijini mwenye ugonjwa wa moyo hupotea kwa ajili ya imani za wazazi wake. Siikubali hoja hiyo. Watu waliothubutu kumpasua marehemu wao ili wajue kilichomuua hawakuwa na woga wa kuujua mwili. Walichokosa ni chombo, na baadaye, chombo kilipopatikana duniani, walikosa njia ya kukifikia.

Huduma za tiba nazo zilikuja Rungwe kwa mwendo wake. Wamisionari wa Moravian walifika mwaka 1891, serikali ya Kijerumani ikahamishia boma lake Tukuyu na kupaita Neu Langenburg, na kadiri miaka ilivyokwenda zikapatikana hospitali: Makandana ya wilaya, Igogwe ya Wakatoliki, Itete ya Walutheri. Mzigo wa hospitali hizo ulikuwa malaria, kuhara, uzazi, nimonia. Mtoto aliyezaliwa na tundu kwenye moyo alijificha humo humo. Huhema haraka, hutoka jasho anaponyonya, haongezeki uzito, kifua hakimpi nafuu. Ni rahisi mno kumwandikia nimonia na kumrudisha nyumbani. Duniani kote takriban watoto 8 hadi 10 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai wana kasoro ya moyo, na milima ya Rungwe haiwezi kuwa ilisamehewa.

Chombo nilichokitaja mwanzoni ni pampu ya moyo, na wengi hudhani ni kifaa cha wazee waliochoka moyo. Historia yake inasema vingine. Tarehe 6 Mei 1953, huko Philadelphia, John Gibbon aliunganisha mwili wa msichana wa miaka 18 na mashine ya moyo na mapafu, ikamsukumia damu wakati daktari huyo akiziba tundu la moyo ambalo msichana alizaliwa nalo. Mgonjwa wa kwanza kuokolewa kwa mashine hiyo alikuwa, basi, mwenye kasoro ya kuzaliwa. Nchini Tanzania, Hospitali ya Muhimbili ya Dar es Salaam ilianza upasuaji wa kufungua moyo mwaka 2008. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 55. Katika kipindi hicho tumaini la mtoto wa Kitanzania lilikuwa kupelekwa ng'ambo, India hasa. Na tangu mwaka 1999 watoto wa Zanzibar walipelekwa Israel kupitia shirika la Save a Child's Heart. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilipoanza mwaka 2015, safari ya mtoto wa Tukuyu ilifupika ikawa ya Dar es Salaam: zaidi ya kilomita 800 za barabara, lakini ndani ya nchi yake.

Pampu ya pili, ile ya kupandikizwa kifuani ili mtu aende nayo nyumbani, ina hadithi nyingine. Ilitengenezwa kwa ajili ya chemba ya kushoto ya moyo wa kawaida uliodhoofika, na utafiti wa mwaka 2001 nchini Marekani ulithibitisha kwamba iliwaongezea maisha wagonjwa mahututi kuliko dawa peke yake. Moyo wenye kasoro ya kuzaliwa huitatiza. Kuna mioyo ambayo chemba ya kulia ndiyo inayosukuma damu mwilini, na mingine ina chemba moja tu inayofaa, hivyo daktari bingwa hulazimika kubuni upya mahali pa kuichomeka. Tena wanaoihitaji ni watu waliofanyiwa upasuaji utotoni, wakakua, na mioyo iliyorekebishwa ikaanza kushindwa ukubwani. Katika nchi tajiri watu wazima wenye kasoro hizi sasa ni wengi kuliko watoto. Mtoto wa Rungwe mwenye tundu kubwa lisilozibwa hupatwa na jambo jingine: shinikizo la damu hupanda ndani ya mapafu hadi mishipa yake ikakakamaa, na hapo kuziba tundu huwa hatari, na pampu ya upande wa kushoto haimsaidii.

Kwa hiyo nasema tuanze na kumgundua mtoto mapema, kabla ya pampu ya kupandikizwa. Atatokea wa kunijibu kwamba huku ni kumwambia maskini aridhike na kidogo. Hoja hiyo ni nzito, maana ndivyo maskini walivyoambiwa mara nyingi. Lakini mtoto asiyegunduliwa Makandana hafiki kwenye mashine yoyote, iwe ya 1953 au ya leo. Kipima oksijeni cha kubana kidoleni, kikitumiwa kwa kila kichanga kabla mama hajaruhusiwa, hufichua nyingi kati ya kasoro zinazopunguza oksijeni mwilini. Zile ambazo hakizioni, tundu la kawaida likiwemo, zinahitaji sikio la mhudumu anayejua mlio wa moyo wenye tundu. Wala sisemi pampu ya kupandikizwa isubiri milele. Mtoto aliyepasuliwa Muhimbili mwaka 2008 akiwa na miaka 3 alikuwa ametimiza miaka 20 kufikia mwisho wa mwaka 2025. Baadhi ya wenzake mioyo itawachoka, na anayeishi na pampu huhitaji umeme wa kuchaji betri kila siku, dawa ya kuzuia damu kuganda, na maabara ya karibu ya kuipima damu hiyo mara kwa mara. Hayo yanajengwa kwa miaka, na wanaoyahitaji wamekwisha kuwa watu wazima. Halmashauri za Rungwe na Busokelo zianze na wodi za wazazi, kisha maabara.