HISTORIA FUPI YA UDONGO WETU: KUTOKA MATUTA YA LAZIMA HADI MBOJI YA HIARI

Ndugu msomaji, katika kitabu hiki cha miaka kumi ya kikundi chetu utasoma habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Sisi tumepewa kazi ya kueleza habari za udongo. Pengine utauliza, udongo na sanduku la akiba wapi na wapi? Jamani, ni kitu kimoja. Fedha nyingi tunazoweka zinatoka bustanini: kabichi, karoti, mchicha, maharage, ndizi. Udongo ukichoka, na sanduku linakauka.

Enzi za mabibi zetu

Waluguru wamelima miteremko mikali ya milima hii tangu zamani, na ardhi hupita upande wa ukoo wa mama. Wakulima wa milimani walijua kutengeneza ngazi. Walipalilia magugu, wakayapanga mistari kukingama mteremko, kisha wakayafunika kwa udongo. Yakioza, mazao yanapata chakula na maji ya mvua yanapungua kasi. Hayo ndiyo maarifa ya mboji, hata kama hayakuandikwa kitabuni.

Matuta ya lazima

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Mmomonyoko ulikuwepo kweli, na mito ya Uluguru ndiyo inayojaza mto Ruvu. Lakini dawa yake ililetwa kwa amri. Watu walilazimishwa kuchimba matuta mapana, na asiyechimba alishtakiwa.

Kazi ilikuwa si mchezo, halafu mavuno haba. Sababu yake kila mwenye jembe anaielewa. Mlimani, udongo mweusi wenye rutuba ni tabaka jembamba tu. Ukichimba tuta pana, ule mweusi unafukiwa na ule wa chini usio na nguvu unakuja juu. Watu walichoka, na Julai 1955 ghasia zikalipuka Matombo. Polisi walifyatua risasi, na mtu akafa. Baada ya hapo mpango ukaachwa. Chama cha TANU, kilichozaliwa Julai 1954, kikazidi kupata wafuasi milimani.

Enzi za chumvichumvi

Baada ya Uhuru mbolea ya chumvichumvi ilienea, ikisaidiwa na ruzuku ya Serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ilipunguzwa hatua kwa hatua mpaka ikaondolewa. Miaka ya 2021 na 2022 bei ilipanda dunia nzima, na mwaka 2022 Serikali yetu ikarudisha ruzuku ili kumpunguzia mkulima mzigo.

Hatusemi mbolea ya dukani ni sumu. Inalisha mmea, na haraka. Ila udongo usio na mboji hauwezi kuishika. Mama anakopa kikundini, ananunua mfuko, anamwagia. Mvua ya masika ikishuka kwa nguvu, sehemu ya mbolea inateremka mtoni. Deni halikuteremka, limebaki palepale na riba yake.

Kurudi kwa mboji

Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilianza mradi wa UMADEP, uliofanya kazi na vikundi vya wakulima milimani. Mwaka 2009 ukaja mradi wa Bustani ya Tushikamane, na mwaka 2011 shirika la Kilimo Endelevu Tanzania, yaani SAT, likaanza hapa Morogoro. Safari hii mkulima hakupelekwa kwa faini. Alijionea shamba la mwenzake, akaamua mwenyewe.

Kazi yenyewe ni hii: panga tabaka la majani makavu, tabaka la majani mabichi, samadi na udongo kidogo, kisha nyunyiza maji. Chomeka kijiti katikati. Ukikichomoa kikiwa cha moto na kina unyevu, lundo linafanya kazi. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Baada ya wiki tatu hivi geuza. Miezi miwili au mitatu mboji ni tayari. Shambani weka matandazo, na usichome majani, maana moshi ule ni mbolea yako inayopaa.

Tatizo lililobaki

Mboji haileti matokeo kwa msimu mmoja. Hivyo anayelima shamba la kukodi anaogopa: akishalinenepesha, mwenyewe atalidai. Tunawaomba wazee wa koo na wenye mashamba wakubali mapatano ya maandishi ya misimu kadhaa. Aidha, tunapendekeza mkutano mkuu ujadili mikopo ya kununua mbuzi na kuku kwa ajili ya samadi, si ya mifuko ya mbolea peke yake.

Akina mama, haba na haba hujaza kibaba. Tumeweka hisa kidogo kidogo mpaka sanduku limejaa. Udongo nao una daftari lake: ukiweka unapata, ukitoa tu bila kurudisha unafilisika. Binti zetu watarithi vyote viwili.