Akampene: Gereza Lililojengwa kwa Maji

Mwulize mkazi wa Kigali habari za gereza, naye atakutajia mwaka. Gereza kuu la mjini, lililojengwa na Wabelgiji kule Nyarugenge, tulilizoea kwa jina la "1930", mwaka wa kujengwa kwake, na hata wafungwa walipohamishiwa Mageragere jina halikuhama nao. Gereza kwetu ni jengo: matofali, mlango wa chuma, askari getini, daftari la waingiao na watokao. Lakini toka Kagugu, pita Batsinda, shika barabara ya kaskazini iendayo Gatuna, na kabla jua halijageuka utakuwa umefika mbele ya gereza ambalo halikuwahi kuwa na tofali hata moja. Halina mwaka wa kufunguliwa. Halina daftari. Ni kisiwa kidogo cha nyasi na vichaka ndani ya Ziwa Bunyonyi, upande wa Uganda, na jina lake ni Akampene. Watalii hukiita Kisiwa cha Adhabu.

Safari yenyewe ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. Kigali mpaka Gatuna ni kilomita 80 hivi, barabara ikipanda na kujipinda katika vilima vya Gicumbi hadi kwenye mabonde ya chai ya Mulindi. Mnyarwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa tu, bila pasipoti. Mpaka huu ulifungwa tangu Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022, na wenye ndugu pande zote mbili wanaikumbuka miaka hiyo bila furaha. Wanaojua historia wanakumbuka pia kwamba mstari huu ulichorwa mbali sana na hapa: ni mwaka 1910, mjini Brussels, ambapo Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji walikaa mezani kugawana nchi za Kivu na milima ya Mufumbiro. Kigezi, nchi lilimo ziwa la Bunyonyi, ikaangukia kwa Waingereza. Wakiga wa upande ule na Wanyarwanda wa upande huu wakawa raia wa dola mbili, ingawa hadi leo Mnyarwanda akisikiliza Kikiga kwa makini anaambulia mengi bila mkalimani.

Toka mpakani ni mwendo mfupi kufika Kabale, kisha kilomita chache za kupanda na kushuka hadi Rutinda, kwenye gati la boti. Hapo ndipo ziwa linapojifunua. Bunyonyi ni ziwa la bonde lililozibwa: maelfu ya miaka iliyopita volkano ilimwaga lava ikaziba njia ya mto, maji yakarudi nyuma yakajaza kila kona kati ya vilima. Ndiyo maana halina umbo la duara. Lina vidole. Lina urefu wa kilomita 25 hivi, visiwa 29, na liko juu ya mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, kiasi kwamba asubuhi ukungu huyafunika maji yote na baridi yake huingia hadi mifupani. Waongoza watalii watakuambia kina chake ni mita 900. Usibishane nao mkiwa majini. Wanasayansi waliolipima walipata mita 40 tu hivi.

Pale gatini utachagua kati ya boti ya injini na mtumbwi wa gogo la mkaratusi. Wenye haraka huchukua boti. Mimi ningemshauri mgeni achukue mtumbwi, kwa sababu ya kilele cha safari yenyewe: anayetaka kuelewa Akampene ni lazima ahisi umbali wa maji kwa nguvu za mikono. Boti ya injini inaufuta umbali huo kwa dakika chache, na umbali ndio uliokuwa adhabu.

Mzunguko wa kawaida hupita visiwa kadhaa. Kipo Kyahugye, walikopelekwa punda milia na swala ili wageni wapate cha kupiga picha. Kipo Akabucuranika, ambacho hadithi yake kila mpiga kasia anaijua. Watu walikuwa wakinywa pombe, bibi kizee akafika kuomba kidogo, wakamfukuza kwa kejeli, wakamwachia kijana mmoja wa kumvusha. Walipofika ng'ambo, kisiwa kikapinduka na wanywaji wote chini yake, akaokoka kuku peke yake. Wageni hucheka. Kisha mtumbwi unageuka, na kwa sauti ileile, kwa mzaha uleule, wanaanza kusimuliwa habari za Akampene.

Hapo ndipo ninapogomba. Habari ya kwanza ni hadithi. Ya pili ilitokea.

Miongoni mwa Wakiga wa zamani, binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa alihesabiwa kuwa ameitia aibu nyumba nzima. Lakini aibu ilikuwa nusu tu ya mambo. Nusu ya pili ilikuwa na pembe na kwato. Mahari ya binti ndiyo iliyoingiza mifugo katika boma, na mifugo hiyo ndiyo iliyowaozesha kaka zake. Binti aliyeshika mimba nje ya ndoa hakuwa na wa kumtolea ng'ombe. Kwa hiyo aliyeumizwa na mimba ile, kwa hesabu za ukoo, hakuwa binti mwenyewe. Walikuwa baba na ndugu zake wa kiume. Na mara nyingi ni hao hao waliompakia mtumbwini, wakamvusha hadi Akampene, wakamshusha, wakarudi nyumbani.

Hakuna aliyehitaji kumlinda. Akampene hakina chakula, hakina pango wala kibanda, na wasichana wengi wa vilimani hawakujua kuogelea. Usiku baridi, mchana njaa. Kuni zilipokuwepo, moto haukuwepo. Wengine walijitupa majini wakijaribu kufika ng'ambo wakazama. Wengine walikufa palepale kwenye nyasi. Na wasichana wa vilima vya pande zile, walipokuwa wakikua, walionyeshwa kisiwa hicho kwa kidole. Gereza hilo liliwaadhibu wachache na kuwatisha wote, na kwa kutisha halikumgharimu mtu hata senti.

Palikuwa na mlango mmoja wa kutokea. Mwanamume maskini, asiye na ng'ombe wa kulipa mahari, aliweza kupiga kasia hadi kisiwani na kumchukua msichana aliyeachwa awe mke wake bure. Waongoza watalii hupenda kuieleza sehemu hii kama hadithi ya mapenzi. Siioni hivyo. Ni soko lililofanya kazi hadi mwisho: bidhaa iliyoharibika machoni pa wenye ng'ombe ikapatikana bei ya chini kwa asiye nao. Msichana hakuulizwa. Kati ya kufa njaa na kumfuata mtu asiyemjua, hilo haliwezi kuitwa chaguo. Hata hivyo wapo walioishi kwa njia hiyo, wakazaa, wakawa nyanya wa watu. Mwaka 2017 shirika la BBC lilichapisha habari za bibi kizee mmoja wa pande hizo, aliyekadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 100, ambaye aliachwa Akampene akiwa bado msichana mdogo, akachukuliwa na mvuvi, akawa mkewe. Kwa hiyo haya si mambo ya enzi za mababu wa mababu.

Wala Akampene hakikuwa peke yake. Kaskazini zaidi, katika Rukungiri, kuna maporomoko ya Kisiizi, ambako mabinti wa namna hiyo walisukumwa kutoka juu. Simulizi ya huko inasema desturi ilikoma siku msichana mmoja alipomshika aliyekuwa akimsukuma, wakaanguka pamoja. Leo maporomoko yaleyale yanaizalishia umeme hospitali ya kanisa iliyojengwa chini yake. Nasi Wanyarwanda tusijifanye wageni katika habari hii. Wazee wetu nao husimulia mabinti waliofukuzwa nyumbani wakaachwa msituni, na upande wa Kivu wengine walipelekwa visiwani. Mpaka wa mwaka 1910 uligawa ardhi, haukugawa desturi.

Akampene kilikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, serikali ya kikoloni na wamisionari walipoipiga vita desturi hiyo. Siandiki hili kuwasifu wakoloni, kwa maana wao nao walivipenda visiwa. Miaka ya 1950 Waingereza haohao waliwafunga washukiwa wa Mau Mau kwenye visiwa vya Mageta na Saiyusi, ndani ya Ziwa Victoria. Serikali yoyote ikiona kisiwa inaona ukuta ambao haukulipiwa fundi.

Mfano ulio maarufu kuliko yote katika Afrika Mashariki ni Changuu, ng'ambo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambacho wageni hukijua kwa jina la Kisiwa cha Gereza. Wanyarwanda wanaokwenda Zanzibar kwa fungate huvushwa huko kwa boti, mwendo wa nusu saa hivi, wakapige picha na kobe wakubwa. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza katika serikali ya Sultani, alikinunua kisiwa hicho kwa niaba ya serikali, na mwaka uliofuata gereza likajengwa: kuta nene za mawe, ua, milango. Likakamilika. Lakini hakuna mfungwa aliyewahi kulala ndani yake. Liligeuzwa kuwa karantini, wakawekwa humo abiria wa meli zilizoshukiwa kubeba magonjwa, wakasubiri wiki moja au mbili kisha wakaendelea na safari zao. Kobe waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wakiwa wanne. Wakaongezeka, wakaibwa, na mwaka 1996 walikuwa wamebaki 7, ndipo wakajengewa uzio. Kuta za Changuu, basi, ziliwafunga wagonjwa na wanaodhaniwa wagonjwa, na uzio ukawafunga kobe.

Waliofungwa kweli Changuu walitangulia. Katika miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid bin Said, kisiwa kilikuwa mikononi mwa Waarabu waliopewa na Sultani, nao wakakitumia kuwaweka watumwa wakaidi kabla ya kuwauza au kuwasafirisha ng'ambo. Wakati huo gereza la mawe halijajengwa. Watumwa wale na wasichana wa Akampene walikuwa na jambo moja la kufanana: wote walifungwa na maji, wote kwa sababu ya mali ya mtu mwingine, na hakuna aliyeandika majina yao. Jengo lililobaki na kupewa jina la gereza ni lile ambalo halikumfunga mtu kama mfungwa.

Turudi Bunyonyi, kwa kuwa ziwa hilo lina kisiwa kingine cha kutengwa, na tofauti yake inafundisha. Mwaka 1921 madaktari wawili wamisionari wa Kiingereza, Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith, walifika Kabale wakaanzisha hospitali. Watu wa misheni yao ndio waliovuka baadaye na kuanzisha kituo cha Gahini, kando ya Ziwa Muhazi hapa kwetu, ambako katika miaka ya 1930 uamsho wa Abarokore uliwaka ukaenea Afrika Mashariki nzima. Sharp alijenga nyumba yake kwenye kisiwa cha Njuyeera. Mwaka 1931 akafungua kijiji cha wenye ukoma katika kisiwa kikubwa cha Bwama.

Bwama nacho kilikuwa kifungo, tusijidanganye. Mwenye ukoma alitengwa na watu wake, na maji yalikuwa yaleyale. Lakini alipewa nyumba, shamba la kulima, kanisa na matibabu. Watu waliishi huko, wakavuna, wakazikana. Baadaye zikaja dawa za mseto ambazo Shirika la Afya Duniani lilianza kuzipendekeza mwaka 1981, ukoma ukawa ugonjwa wa kutibiwa mtu akiwa kwake, na kijiji kikakosa sababu ya kuwepo. Majengo yakageuka shule. Leo asubuhi kwenye ziwa hilo utaiona mitumbwi iliyojaa watoto wenye sare wakivuka kwenda Bwama, wakipiga makasia wao wenyewe, wakicheka. Kisiwa ambacho mtu alipelekwa kwa huzuni sasa mtoto hukiendea kwa hiari yake, na jioni anarudi nyumbani.

Akampene hakikugeuzwa kuwa kitu. Kimeachwa kama kilivyo, na kila mwaka maji yanakimega kidogo. Miti michache iliyosimama juu yake imekuwa matuo ya mnandi, ndege weusi wanaokausha mabawa yao wakitazama ziwa. Boti hazitii nanga. Hupunguza mwendo, mwongoza watalii anasimulia dakika mbili, simu zinainuliwa, safari inaendelea kuelekea chakula cha mchana cha kamba wa ziwani. Ukija mgeni bila kuuliza, utaondoka ukiamini kwamba Akabucuranika na Akampene ni ngano mbili za aina moja, na kwamba binti aliyekufa njaa alikufa katika nchi ileile ya kuku aliyeokoka.

Wapo bado, katika vijiji vya Kabale na Rubanda, wajukuu waliosimuliwa na nyanya zao jinsi walivyochukuliwa kisiwani. Vyuo vya Kabale na Kigali viko umbali wa siku moja ya gari kutoka kwa watu hao, na lugha hazitupishi mbali. Kinasa sauti hakina bei kubwa. Wanahistoria wetu wa pande zote mbili za Gatuna waende sasa, wawaulize majina ya nyanya zao, na majina hayo yaandikwe kwenye kibao pale Rutinda, mahali ambapo kila mtalii lazima apite kabla ya kupanda boti.