Shingo na Mazoezi: Historia ya Tiba Moja

Tiba ya viungo kwa maumivu sugu ya shingo ilizaliwa na kazi mbili: mazoezi na ukandaji. Mazoezi yalipata chuo chake mwaka 1813, Per Henrik Ling alipofungua taasisi mjini Stockholm, Sweden. Ukandaji ulisimama kama taaluma jijini London mwaka 1894, pale wauguzi na wakunga wanne, akiwemo Rosalind Paget, walipoanzisha chama cha kulinda heshima ya kazi hiyo, kwa kuwa madanguro yalikuwa yakijificha nyuma ya jina lake.

Hata hivyo, kwa miongo mingi mwenye shingo mbovu aliendelea kuwa mtu wa kutendewa tu. Alikandwa, akawekewa joto, shingo ikavutwa kwa uzito au ikafungwa kola. Kola ilileta nafuu ya haraka, na ndiyo maana iliaminiwa mno. Lakini misuli isiyofanya kazi hunywea, na shingo hukakamaa zaidi. Mwaka 1995 jopo la wataalamu la Quebec, Kanada, lililochunguza shingo zilizotikiswa katika ajali za magari, lilihimiza majeruhi warejee mapema kwenye shughuli zao.

Kwa maumivu sugu, mchango mkubwa ulitoka Australia. Gwendolen Jull na wenzake wa Queensland waliichunguza misuli ya ndani iliyolala mbele ya pingili za shingo, ambayo kwa wagonjwa wengi huzembea huku ya juujuu ikielemewa. Kipimo chao ni chepesi ajabu: mgonjwa hulala chali, mfuko wa hewa ukiwa chini ya shingo, kisha huinamisha kidevu taratibu kama anayeitikia. Shinikizo hupandishwa kutoka milimita 20 hadi 30 za zebaki, mbili kwa kila hatua. Kipimo hichohicho kikawa zoezi.

Finland ilikwenda mbali zaidi. Katika utafiti wa Jari Ylinen na wenzake uliochapishwa mwaka 2003, wanawake 180 wa kazi za ofisini waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilivuta mikanda ya mpira kwa kichwa ili kujenga nguvu, la pili lilijenga ustahimilivu wa misuli, na la tatu lilishauriwa kujinyoosha na kufanya mazoezi ya kuimarisha moyo na mapafu. Baada ya miezi 12, makundi mawili ya kwanza yalikuwa yamepunguziwa maumivu kuliko la tatu. Shingo iliyodhaniwa dhaifu ilikuwa imebebeshwa kazi, ikapata nafuu zaidi.

Ukandaji haukutupwa. Hutumika kutuliza maumivu ili mgonjwa aweze kuanza mazoezi.