Kuvunja Ungo Uzaramoni: Kutoka Mwana Hiti hadi Vidonge vya Majira

Kabla Mbagala na Bunju hazijajaa nyumba za kupanga, huku kulikuwa Uzaramoni. Binti akivunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwali, akakabidhiwa mwana hiti, mwanasesere wa mti ambaye alimwogesha, akampaka mafuta na kumtunza kama mtoto wake. Kungwi alimfunda namna ya kujihifadhi siku zake na maana ya damu ile: sasa anaweza kuzaa. Mtafiti kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, aliishi Bunju miaka ya 1960 na kuyaeleza mafundisho hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1970.

Kungwi alijua siku hurudi kila mwezi. Kinachozirudisha kiligunduliwa maabara za mbali. Mwaka 1923, Wamarekani Edgar Allen na Edward Doisy walionyesha kuwa vifuko vya mayai ya kike vina homoni, ile inayoitwa leo estrojeni. Mwaka 1934 homoni nyingine, projesteroni, nayo ikapatikana ikiwa safi.

Homoni hizo hufanya kazi hivi. Pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, hutuma homoni ya kukuza yai. Yai likikua, ovari, kiungo chenye vifuko vya mayai, hutoa estrojeni, na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi hunenepa. Estrojeni ikipanda sana, pituitari huachia homoni nyingine na yai hutoka. Kifuko kilichobaki hutoa projesteroni ya kuutunza utando huo kwa takriban wiki mbili. Mimba isipotunga, projesteroni hushuka, utando hubomoka, na hedhi huanza.

Elimu hiyo ilizaa kidonge cha kuzuia mimba, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 1960. Homoni zake huituliza pituitari, yai lisitoke. Dar es Salaam, chama kilichoanzishwa mwaka 1959, ambacho sasa ni UMATI, kilibeba huduma ya uzazi wa mpango, na mwaka 1974 ikaingia kwenye kliniki za serikali za mama na mtoto. Miaka ya 1990 nyota ya kijani ikawa alama yake. Vidonge vya kuzuia mimba watu waliviita vidonge vya majira, na jina linafaa, maana mwili wa mwanamke una majira yake.

Kuwekwa ndani kuliwakosesha mabinti wengi shule, na hilo lisirudi. Lakini kungwi wa leo tunamwona zaidi kwenye kicheni pati, wakati binti ameshaishi na hedhi yake miaka kumi au zaidi. Mama, shangazi, bibi wa Temeke na Kinondoni: keti na binti kabla damu haijaja. Mwambie kuwa miaka ya mwanzo siku zake zinaweza kupishana, na hiyo ni kawaida. Mwambie pia kuwa maumivu yakimzuia kwenda shule, apelekwe hospitali. Kungwi alifunda kwa alichokijua; sisi tunajua zaidi, basi tusinyamaze.