Namna ya kuvua paa na milango ya Land Rover kuukuu

Land Rover ilipozinduliwa katika maonyesho ya magari ya Amsterdam mnamo 1948, chuma kilikuwa adimu nchini Uingereza kutokana na Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Ndiyo maana bodi yake iliundwa kwa alumini na kufungwa kwa bolti juu ya chasi ya chuma. Mtindo huo ulidumu katika magari ya Series hadi 1985, na ndio unaomwezesha mwenye gari kuvua paa na milango kwa spana tu.

Matayarisho huanza siku iliyotangulia. Bolti za chuma zilizokaa miaka mingi katika alumini hushikana nayo, na zikilazimishwa hukatika. Yafaa zitiwe mafuta ya kulegeza kutu na kuachwa usiku kucha.

Milango hutangulia. Mtu mmoja hufungua bawaba huku mwenzake akiushikilia mlango. Kisha hutenganishwa nyaya za taa ya ndani, iwapo zipo, na kufunguliwa bolti zinazoshika paa juu ya kioo cha mbele na pembeni mwa bodi. Watu wanne huliinua paa kwa pamoja, kwani likipinda bati hukunjika.

Hata hivyo, paa si la kuzuia mvua pekee. Likiondolewa, abiria hubaki bila kinga gari likipinduka, wala hakuna mlango wa kumzuia asianguke. Kwa hivyo, mikanda ifungwe na mwendo upunguzwe.