Imeli Tatu Si Kuficha Kitu

Ukiwa na imeli tatu, watu wa hapa Garissa wanakuuliza: kwani unaficha nini? Wadau, angalieni tulikotoka. Posta ya Kenya haikuzoea kugonga mlango wa mtu. Barua ilikaa kwenye sanduku, na wazee wetu wengi hawakuwa na lao. Ilikuja kwa S.L.P. ya shule au ya duka, na mwenye ufunguo ndiye aliyejua kwanza nani amekuandikia. Kambi za Dadaab zilipoanza 1991, ujumbe wa Msalaba Mwekundu ulikuwa karatasi ya wazi, habari za familia tu. Na taar, ile redio ya watu wa hawala, ndiyo kabisa: unaongea mambo ya pesa au posa, kila aliye kwenye masafa anasikia!

Gmail ilianza 2004 kwa mwaliko, 2007 ikawa ya wote. Leo imeli yangu moja ni ya KRA na eCitizen, moja ya jamaa walioko Minneapolis, moja ya matangazo. Hiyo ni haki tuliyochelewa kuipata. Lakini wangapi bado wamefunguliwa imeli na kijana wa saiba, nenosiri likabaki kwenye daftari lake? Binti anayesubiri jibu la chuo lazima ampigie yeye kwanza.