Ekrani ya rubani: nani apime nafasi kati ya ndege?

Leo tuongee historia moja yenye inagusa kila mtu anayepanda ndege.

Ndege nyingi zikifika pamoja, zinapanga mustari kwa kutua. Moja ikikaribia sana ya mbele, upepo wa kuzunguka wenye ile inaacha nyuma unaweza kuipindua. Ikibaki mbali sana, inapoteza nafasi na mafuta inaungua bure. Kwa mwendo wa noti 140, maili 3 za bahari ni sekunde 77 hivi tu! Zamani mwenye kupima hiyo nafasi alikuwa mwongozaji wa chini na rada yake. Rubani alisikia tu ku redio: punguza, ongeza, geuka.

Miaka ya 1970, watafiti wa Marekani, NASA ndani, wakajiuliza: na rubani akiona wenzake ku ekrani? Picha peke yake haikutosha. Ukifuata mwenzako kwa umbali uleule, yeye akipunguza mwendo karibu na uwanja, wewe pia unapunguza ungali mbali, na wa nyuma kabisa anapunguza mapema zaidi. Njo maana walifikiria kupima kwa muda: mahali alipopita, nawe upite kiisha sekunde fulani, kwa mwendo wake.

Tarehe 31/8/1986, ndege mbili ziligongana juu ya Cerritos, California. Watu 82 walikufa. Sheria ikalazimisha ndege kubwa za abiria kuwa na TCAS. Sasa wenzake walionekana ku ekrani, lakini kwa kuepuka kugongana, hapana kwa kupima nafasi. Hata jina la ndege ya mbele haikuonyesha.

Kisha ikakuja ADS-B: kila ndege inatangaza yenyewe jina, mahali na mwendo wake. UPS, yenye ndege zake zinafika Louisville kwa wingi usiku, ilikuwa kati ya wa kwanza kuijaribu. Mwaka 2017, NASA na Boeing, Honeywell na United walirusha ndege tatu katika jimbo la Washington. Kompyuta ilipiga hesabu, ekrani ikampa rubani namba moja: mwendo wa kushika. Ila namba ikibadilika kila mara, rubani anachoka.

Mwongozaji hakufutwa. Yeye njo anasema umfuate nani na kwa sekunde ngapi, na usalama wa mustari unabaki jukumu lake. Rubani anashika mwendo.

Kwa hiyo kazi ngumu ilikuwa kuchagua nini kionyeshwe, na nani aamue. Wenye kutengeneza programu humu, ninyi munamuonyesha mtumiaji nini?